Rap, ordinatere na koltani: wakati albamu moja inasimulia kesho

Tarehe 29 Januari 2016, mwanarap na mshairi wa Marekani Saul Williams alitoa albamu inayoitwa MartyrLoserKing. Mtu mkuu wa albamu hiyo ni kijana wa Burundi. Alikuwa mchimbaji wa koltani, akaacha kuchimba, akajifunza kupenya ndani ya ordinatere za wakubwa wa dunia, na sasa anaishi katika kambi iliyojengwa kwa mabaki ya mashine zilizotupwa. Kijana huyo hayupo, ni mtu wa kutungwa. Lakini jiwe alilokuwa anachimba lipo, na watu wa Masisi, Walikale, Kalehe na Manono wanalijua kwa mikono yao.

Ndiyo maana inafaa kueleza pole pole aina hii ya muziki: rap ya chini kwa chini inayosimulia hadithi ya wakati ujao, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Vijana wa kartie wanaiita siansi-fiksio, kwa maneno mengine hadithi za kubuni zinazotumia sayansi na mashine. Ilianza mbali, New York na California. Ikafika mpaka katika milima ya Burundi na Rwanda. Ikapita pia karibu na mtoto mmoja wa Lubumbashi, Baloji. Na swali inaloliacha linawagusa watu wa Kongo ya madini kuliko wengine: kama dunia ya kesho inajengwa kwa mawe ya Kongo, nani anaisimulia hiyo kesho?

Albamu ya wazo moja ni kitu gani?

Albamu ya kawaida ni kama soko. Wimbo mmoja unaongelea mapenzi, mwingine unaongelea makuta, mwingine unamsifu mutu aliyelipa studio. Unaweza kuanza na wa tano, urudi kwa wa pili, hakuna kitu kitakachoharibika.

Albamu ya wazo moja, ile watu wanaita kwa Kifaransa « album-concept », ni kama treni ya Lubumbashi kwenda Kamina. Ukishukia Tenke, bado hujafika. Nyimbo zote zinabeba hadithi moja au fikra moja. Kuna mutu, kuna mahali, kuna shida, na kila wimbo unasogeza mambo mbele hatua moja.

Watu wa Lubumbashi hawakosi mfano wa karibu. Wazee wanakumbuka kundi la Mufwankolo na maigizo yake ya Kiswahili kwa redio na televisheni: uliijua sauti ya kila mutu, na ulingoja uone mambo yataishia wapi. Tena katika miaka ya 1970, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi katika picha zaidi ya 100 zinazofuatana, kutoka wakati wa mababu mpaka Zaire ya Mobutu. Watu walikuwa wananunua picha zake moja moja na kuzitundika ndani ya sebule. Lakini zikipangwa kwa mustari, picha zinaanza kujibizana, na moja inaeleza kile ambacho nyingine ilinyamazia. Albamu ya wazo moja inafanya vile vile kwa masikio.

Mwanarap anayetaka kutunga albamu ya namna hii anahitaji vitu vine. Cha kwanza ni mhusika mwenye jina na shida yake. Cha pili ni sheria za dunia anamoishi: mwaka gani, nani anatawala, nini kimekatazwa. Cha tatu ni vipande vifupi kati ya nyimbo, kama habari ya redio ya uongo, simu inayokatika, au sauti ya ordinatere inayotoa amri. Vipande hivyo ndivyo vinavyoshona hadithi. Cha ine ni mlio wenyewe. Mdundo mzito wa chuma unamweka msikilizaji ndani ya kiwanda bila mutu kutaja neno « kiwanda ».

Kwa nini rap ilipenda mambo ya anga?

Mambo hayo yalianza kabla ya rap. Sun Ra, mpiga piano wa jazz, aliambia watu kwamba yeye anatoka sayari ya Zohali. Mwaka 1975, kundi la Parliament la George Clinton lilitoa Mothership Connection, albamu ambamo watu weusi wanasafiri ndani ya chombo cha angani wakicheza. Mwaka 1982, Afrika Bambaataa na Soulsonic Force walitoa Planet Rock, wakachukua fikra kutoka Kraftwerk, kundi la Ujerumani lililopiga muziki wa mashine. Mtaa masikini wa Bronx ukaanza kulia kama roboti.

Baadaye wanarap walianza kutunga hadithi ndefu. Mwaka 1996, Kool Keith alijigeuza Dr. Octagon, daktari wa ajabu kutoka sayari ya Mshtarii anayeweza kuvuka nyakati. Mwaka 2000 ikaja Deltron 3030, albamu ambayo wapenzi wengi wa rap ya chini kwa chini wanaiweka mbele ya zote za aina hii. Waliitengeneza watu watatu: Del the Funky Homosapien, Dan the Automator na Kid Koala. Hadithi inatokea mwaka 3030. Makampuni makubwa yanatawala kila kitu, na mpiganaji mmoja mwenye akili ya ordinatere anajaribu kuyaangusha.

Kwa nini Mmarekani mweusi aende mpaka mwaka 3030 kusema kwamba makampuni yana nguvu kupita kiasi? Jibu moja liko katika historia yake. Mababu zake walishikwa na watu wasiowajua, wakafungwa ndani ya chombo kikubwa, wakapelekwa mahali ambapo hakuna mutu alielewa lugha yao, wakapewa majina mapya. Ukimsimulia mtoto habari hiyo bila kutaja miaka, atadhani ni filme ya watu wa sayari nyingine. Kwa wajukuu wa watumwa, chombo cha angani kina harufu ya meli.

Kundi la clipping. la Los Angeles liliweka fikra hiyo wazi mwaka 2016 katika albamu Splendor & Misery. Mtumwa mmoja, anayetambuliwa kwa namba tu, anabaki peke yake ndani ya chombo cha mizigo kinachovuka anga baada ya maasi. Hakuna mutu wa kuongea naye isipokuwa ordinatere ya chombo, na hiyo ordinatere inaanza kumpenda. Mwaka uliofuata, albamu hiyo iliingia kati ya kazi zilizopendekezwa kwa tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya waandishi wa hadithi za sayansi. Ni jambo la nadra sana kwa kazi ya muziki.

Saul Williams na jiwe la kwetu

Saul Williams alikuwa anajulikana tangu mwaka 1998, wakati filme Slam, aliyoichezea, ilipata tuzo kuu ya tamasha la Sundance. Jina MartyrLoserKing lenyewe ni mchezo wa maneno: lisome haraka haraka utasikia Martin Luther King, lisome pole pole utasikia shahidi, mshindwa na mfalme.

Wimbo mmoja wa albamu unabeba katika jina lake maneno mawili ya Kiingereza yanayokaribiana kwa mlio: koltani na pamba. Mmarekani akisikia pamba anakumbuka mashamba ya watumwa. Na Mkongomani? Kuanzia mwaka 1917, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Kongo kulima mazao iliyoyataka yenyewe, na pamba ilikuwa ya mbele. Katika Maniema na Uele, babu aliyekataa kulima pamba alijua kifungo na fimbo. Kwa hiyo fumbo la Williams linaeleweka hapa haraka kuliko anavyoweza kudhani yeye mwenyewe: jana pamba, leo koltani, na kila mara mkono mweusi ndio unaoanza kazi huku faida inaandikwa katika daftari ya mwingine.

Koltani inaingia ndani ya hadithi ya ordinatere kwa sababu ya kweli kabisa. Ndani yake munatoka tantali, chuma kinachovumilia joto na kutu. Kwa tantali wanatengeneza vifaa vidogo sana vinavyoshika umeme kwa muda mfupi na kuutoa kwa kipimo. Bila vifaa vya namna hiyo telefone ingekuwa kubwa zaidi na ingeharibika upesi. Mwaka 2000, wakati dunia ilipotaka telefone na michezo ya video kwa wingi, bei ya tantali ilipanda ghafla, kisha ikaanguka mwaka uliofuata. Watu wa Kivu walioacha mashamba kukimbilia karyere wanaukumbuka mwaka ule bila kusoma gazeti.

Saul Williams hakuishia kwa albamu moja. Mwaka 2019 alitoa Encrypted & Vulnerable. Halafu pamoja na mke wake Anisia Uzeyman, mzaliwa wa Rwanda, akatengeneza filme Neptune Frost, iliyoonyeshwa kwanza Cannes mwaka 2021. Ni filme ya kuimba. Ndani yake munasikika Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Mchimbaji Matalusa, anayechezwa na mshairi wa Burundi Kaya Free, anakimbia karyere baada ya ndugu yake kuuawa mbele ya wenzake. Njia yake inakutana na ya Neptune, mutu aliyezaliwa na mwili usiosema wazi kama ni mwanaume au mwanamke, ambaye naye anakimbia. Wanafika kijiji kinachoitwa Digitaria, kilichojengwa kwa mabaki ya ordinatere. Kutoka pale vijana wanaingia ndani ya mitambo ya dunia nzima, mpaka dunia inaanza kuwatafuta.

Nguo za wahusika zina nyaya na funguo za ordinatere. Watu wa hapa wanaofungua telefone zilizokufa ili kuuza vipande vyake hawatashangaa. Kijiji cha Digitaria kinafanana na meza ya fundi wa telefone, tofauti ni ukubwa tu.

Kongo iko wapi ndani ya hadithi hii?

Msikilizaji wa Goma au Bukavu atauliza swali moja kwa moja: « Sasa koltani ile, mbona haichimbwi Kongo? »

Swali ni la haki. Hadithi imewekwa Burundi. Filme ilipigwa Rwanda, kwa sababu fujo za kisiasa zilizoanza Burundi mwaka 2015 zilifanya kazi ile isiwezekane pale. Watengenezaji wanaongelea eneo lote la Maziwa Makuu, na hadithi ya kubuni haifungwi na mpaka. Lakini mutu aliyekimbia Masisi, anayejua njia ambayo mifuko ya Rubaya inapitia, ana haki ya kusikia uchungu akiona jiwe limekuwa maarufu kwa sinema bila jina la pale lilipotoka. Madini yakisafiri bila karatasi ya ukweli, wanaita magendo. Na hadithi ikisafiri bila jina la mahali?

Uchungu huo haufanyi kazi ya Williams na Uzeyman kuwa mbaya. Ni kazi nzuri, na wasanii wengi wa Burundi na Rwanda walipata nafasi ndani yake. Unaonyesha tu kwamba kuna sura ambayo bado haijaandikwa, na hakuna wa kuiandika vizuri kuliko mutu wa Rubaya, wa Kolwezi au wa Manono.

Baloji, jina lenye maana mbili

Mutu aliyefika karibu zaidi na sura hiyo alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Baloji alipelekwa Ubelgiji akiwa mtoto mdogo, akakulia Liège, akaanza rap na kundi la Starflam. Mwaka 2007 alitoa Hotel Impala, albamu iliyozaliwa kutokana na barua ya mama yake, ambaye alikuwa ametengana naye kwa miaka mingi. Hapo hakuna roboti, lakini ni albamu ya wazo moja kabisa: mtoto anamsimulia mama maisha ambayo mama hakuyaona.

Mwaka 2018 ikaja 137 Avenue Kaniama. Mutu wa Lubumbashi anasoma jina hilo na anajua kwamba ni anwani ya mjini. Kutoka nyimbo za albamu hiyo Baloji alitengeneza filme fupi, Zombies, ya mwaka 2019, iliyopigwa Kinshasa. Ndani yake watu wanatembea na kucheza huku macho yamemezwa na telefone. Wafu wanaotembea hawakutoka makaburini, wametoka ndani ya skrini. Hapo ndipo Baloji anapoingia mlango wa siansi-fiksio, kwa nguo za ajabu na mwanga wa baa.

Mwaka 2023 filme yake ndefu Augure ilishinda tuzo ya sauti mpya katika sehemu ya Un Certain Regard huko Cannes. Ilipigwa Kinshasa na Lubumbashi. Inafuata watu wane ambao jamii imewaona kuwa wachawi: Koffi, Paco, Tshala na Mama Mujila. Tshala anachezwa na Eliane Umuhire, yule yule aliyecheza katika Neptune Frost. Na pamoja na filme, Baloji alitunga muziki kwa mafungu mane, kila fungu likiwa na macho ya mhusika mmoja. Mambo ni yale yale, lakini yanasikika mara ine kwa vinywa vine tofauti.

Jina lake mwenyewe ni somo. Katika Kiswahili cha Katanga kila mutu anajua « baloji » ni watu gani. Baloji ameeleza mara nyingi kwamba zamani neno hilo lilimhusu mutu wa maarifa, mwenye sayansi yake, na kwamba ni wakati wa ukoloni na wamisionari lilipogeuka kuwa la uchawi tu. Sayansi na uchawi ndani ya jina moja: mwanarap wa siansi-fiksio angeomba nini zaidi?

Lakini uchawi si mchezo wa maneno kwa kila mutu. Watoto wanafukuzwa nyumbani kwa sababu mutu alisema ni wachawi, na wanalala sokoni. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu, katika kifungu cha 160, mutu anayemshitaki mtoto kwa uchawi. Sheria iko, na watoto bado wako barabarani. Paco wa Augure ni mtoto wa namna hiyo. Wimbo unaosema « mimi » kwa sauti ya Paco unamlazimisha msikilizaji akae ndani ya ngozi yake kwa dakika ine, jambo ambalo kifungu cha sheria hakiwezi kufanya.

Katanga iliishi siansi-fiksio zamani

Wengine watasema mambo ya roketi na mabomu ya ajabu si ya kwetu, ni ya Bulaya. Historia ya Katanga inakataa.

Kwa upande wa Likasi kuna Shinkolobwe. Sehemu kubwa ya uranium ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka humo, mikononi mwa Union Minière. Mji mzima uliungua upande mwingine wa dunia kwa jiwe lililobebwa na wachimbaji ambao hakuna mutu aliwaambia wanabeba nini. Mwandishi wa siansi-fiksio akileta hadithi hiyo, mhariri angemwambia amezidisha.

Miaka 30 na kitu baadaye, roketi ziliruka kutoka Katanga, iliyoitwa Shaba wakati huo. Kampuni ya Ujerumani Magharibi OTRAG ilipewa na Zaire ya Mobutu eneo kubwa sana upande wa mto Luvua, kama kilometa za mraba 100,000. Roketi ya kwanza iliruka mwaka 1977. Ya tatu, mwaka 1978, ilianguka mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe. Mwaka 1979 kazi ikasimamishwa, kwa sababu inchi nyingine ziliogopa kwamba roketi hizo zinaweza kubeba silaha. Kuna wazee wa Tanganyika walioona moshi ule. Je, kuna mwanarap aliyekwenda kuwauliza?

Na leo? Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, nyingi Lualaba na Haut-Katanga, na inaingia ndani ya batri za gari za umeme. Manono inangojewa kwa litiamu yake. Kwa hiyo gari la kesho linapita hapa kwanza, likiwa bado udongo ndani ya mfuko, huku nyumba nyingi za Katuba na Ruashi zinangoja umeme urudi. Mutu wa Los Angeles anahitaji kubuni dunia ambamo mji unaolisha mashine za ulimwengu unakaa gizani. Mutu wa Lubumbashi anahitaji kufungua dirisha tu.

Wasanii wa sanaa nyingine wamekwisha kuanza. Jean Katambayi Mukendi, fundi umeme wa hapa Lubumbashi, anatengeneza mashine za karatasi ngumu na nyaya zinazofikiri juu ya umeme na nguvu. Sammy Baloji anaweka picha za zamani za wachimbaji juu ya picha za viwanda vya Gécamines vilivyokufa, na alikuwa kati ya walioanzisha maonyesho ya Picha hapa mjini mwaka 2008. Milango iko wazi kwa rap pia.

« Si ni uongo tu? »

Kuna wazazi wanaosikia vijana wakirap juu ya roboti na wanasema ni kupoteza wakati, au ni mambo ya shetani. Wanasema pia: kijana akiwa na cha kusema juu ya karyere, aseme wazi.

Hoja hiyo ina uzito. Inchi inahitaji watu wa kusema wazi, wenye majina na tarakimu. Lakini si kila mutu anaweza kusema wazi na kulala nyumbani kwake. Watunzi wa hadithi za sungura na fisi walijua jambo hilo: fisi hakuwahi kumshitaki mutu kwa kumsema, kwa sababu angekubali kwamba yeye ndiye fisi. Mwaka 3030 unafanya kazi ile ile. Ukisema kampuni fulani ya mwaka 3030 inakunywa mto na kuwaachia watu matope, msikilizaji wa Likasi atajua ni mto gani.

Faida ya pili ni ya ndani zaidi. Habari za mashariki zinahesabu wafu, waliokimbia na vijiji vilivyochukuliwa. Ni lazima zihesabiwe. Lakini mtoto anayesikia habari hizo tu, miaka kumi mfululizo, anaanza kuamini kwamba inchi yake ina jana tu. Hadithi ya kesho, hata ikiwa ya huzuni, inamwambia kwamba atakuwepo.

Chini kwa chini, albamu inapita wapi?

Inabaki shida ya mafundi. Rap ya chini kwa chini haina kampuni kubwa ya kuibeba. Hapa wimbo unatoka studio ndogo ya nyumbani, unapita kwa WhatsApp, kwa Bluetooth, kwa kadi ya memori na kwa kibanda cha mutu anayejaza nyimbo ndani ya telefone. Njia hiyo ni ya bei nafuu na inafika mbali. Lakini inakata albamu vipande vipande. Wimbo wa saba unafika Kasumbalesa bila wa sita, na hadithi inakuwa kama filme iliyoanzia katikati.

Wanaojaribu kazi hii wana njia za kuzuia hasara hiyo. Kuna wanaounganisha nyimbo zote katika faili moja, ili hakuna wa kuzitenganisha. Kuna wanaoweka namba mbele ya jina la kila wimbo, kwa sababu telefone inazipanga yenyewe. Kuna wanaoanza kila wimbo kwa sentensi mbili za kukumbusha, kama maigizo ya redio yalivyofanya: « Jana tulimwacha Fulani ndani ya shimo… ». Kwa ambaye hajajaribu, nyimbo tano au sita zinatosha. Mhusika mmoja, karyere moja, mwaka mmoja, na Kiswahili cha Lubumbashi ambacho mama yake mwenyewe anaelewa.

Redio za jamii nazo zina sehemu yake. Zimezoea kupiga wimbo mmoja, salamu, tangazo, halafu wimbo wa mutu mwingine. Albamu ya wazo moja inaomba dakika 40 bila kukatwa, ikipigwa kwa mpango wake, na mtangazaji akieleza kwa maneno machache kati ya sehemu moja na nyingine. Saa ya usiku inafaa. Mutu aliyetoka karyere, asiye na megabaiti na asiye na umeme wa kuwasha televisheni, bado ana redio ya batri. Kwa sasa albamu maarufu yenye mchimbaji wa koltani ndani yake imetungwa kwa Kiingereza, na mchimbaji huyo hawezi kuielewa. Ile ya Kiswahili anaweza kuisikiliza mpaka mwisho, na kesho yake asubuhi kumwambia mwenzake ndani ya shimo mahali mtunzi alipokosea.